Nimelaza fremu ya nyuma, nyumba zikainamiana

SWALI: Kaka salamu. Nimepata kamera ya mbao ya kukunja, ile ya filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi yake milimita 150. Juzi nilikuwa Lamu maji yamekupwa, mashua imelala kwenye tope mbele yangu na nyuma yake zile nyumba za ghorofa za ufukweni. Kamera niliiweka chini, kama mita moja hivi. Nikalaza fremu ya nyuma mpaka mashua na nyumba zote zikawa shapu kwenye kioo cha nyuma cha kutazamia, nikafurahi sana. Filamu kusafishwa, omo ya mashua, yaani ncha yake ya mbele, imevimba na kuta za nyumba zimeinamiana kwa juu. Rafiki yangu anasema fremu ya nyuma niikaze nisiiguse tena, nitumie ya mbele tu. Ni kweli? Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu usiikaze, utakuwa umejinyima nusu ya kamera. Fokasi hukukosea, ila umeipa fremu ya nyuma kazi ya fremu ya mbele, ile inayobeba lenzi.

Iko hivi. Filamu inakaa nyuma, na umbo la vitu kwenye picha linafuata filamu ilivyosimama. Kwenye kioo picha inakuja kichwa chini miguu juu, kwa hiyo mashua ilikuwa sehemu ya juu ya kioo na mapaa yako chini. Ulipolaza fremu, ukingo wa juu ukarudi nyuma ukawa mbali na lenzi, na picha ikienda mbali na lenzi inakua, ndo maana omo ikavimba, huku mapaa yakabaki karibu na lenzi yakatoka madogo kuliko inavyotakiwa, basi kuta zikaanza kukutana kule juu. Sawasawa na mtu aliyeielekeza kamera nzima angani.

Ukiinamisha lenzi peke yake filamu haijaguswa, kinacholala ni fokasi tu. Hii ndo kanuni ya Scheimpflug, yule Mwaustria aliyeiandikia hataza mwaka 1904 akishughulika na picha za kutengenezea ramani: usawa wa filamu, usawa wa lenzi na usawa unaotaka uwe shapu, ukiirefusha yote mitatu inakutana kwenye mstari mmoja. Kwa lenzi yako ikiwa mita moja juu ya tope, digrii kama 9 zinaifuata ardhi yote. Lakini hapo angalia, tope halina kimo, nyumba zinacho! Ukiifuata ardhi kabisa mapaa yatapotea, kwa hiyo mimi ningeinamisha nusu tu, digrii 4 au 5, fokasi ipite kwenye mashua ipande mpaka katikati ya kuta, halafu nifunge tundu la lenzi hadi f/32, yaani dogo sana, ili vilivyobaki navyo viwe shapu.

Kabla ya yote hayo chukua pimamaji, kile kidogo cha fundi ujenzi, ukibandike kwenye fremu ya nyuma mpaka kiputo cha hewa kitulie katikati. Nyuma kwanza, mbele baadaye. Ukishaamua umbo ndo uanze habari ya fokasi, ukigeuza huo mpangilio utazunguka chini ya kitambaa cheusi nusu saa na jua linazama.

Sasa nyuma ilazwe lini? Siku huna kuta. Una mawe ya matumbawe mbele na bahari tupu nyuma, hapo laza bila hofu, jiwe litainuka limjie mtazamaji na hakuna ukuta wa kukusuta, na mimi picha za hivyo nazipenda kwelikweli. Pia kama lenzi ni ya zamani yenye duara dogo la picha, yaani duara la mwanga ambalo lenzi inaliangushia filamu, mfano Ektar ya milimita 127 ambayo kwenye 4 kwa 5 inafunika kwa shida, ukiinamisha lenzi duara linahama pembe zinatoka nyeusi, lakini ukilaza nyuma duara linabaki pale pale.

Kuzungusha fremu kama mlango kwenye bawaba ni mambo yaleyale, ila kwa upande, utayaona kwenye vichochoro vya mji.

Na kama fremu yako inakunjia chini, bawaba ziko kwenye kitako, fokasi kwanza kitu cha mbali kwa sababu kiko chini ya kioo karibu na bawaba, kisha laza taratibu mpaka cha karibu kiwe shapu, rudi angalia cha mbali maana kitakuwa kimehama kidogo, rekebisha, laza tena. Mara tatu hivi inakaa.