Suruali ya shule inaachia kila wiki: nishone kwa mkono au ninunue cherehani?

Swali: Suruali ya mwanangu wa gredi ya sita huachia katikati ya miguu. Mwezi huu nimeishona kwa mkono mara tatu na bado inaachia. Jirani ananiambia mshono wa mkono hauna nguvu. Ninunue cherehani? – Mama, Kayole

Jibu: Mama, usinunue cherehani kwa ajili ya suruali moja. Kwanza tazama kilichokatika: ni uzi au ni kitambaa? Kama kitambaa kimechakaa, weka kiraka kwa ndani, maana hakuna mshono utakaoshika pale.

Kama ni uzi, nadhani umeshona kwa bandi: sindano inazama, inaibuka mbele, inazama tena. Bandi ni ya kushikiza tu. Uzi ukikatika mahali pamoja, unateleza wote. Na pale katikati mshono umepinda, mtoto akichuchumaa unavutwa, na bandi hainyumbuki.

Shona kwa kurudi nyuma. Ibua sindano, rudi nyuma milimita 3, choma, kisha ibukia milimita 3 mbele ya pale uzi ulipotokea. Kwa juu mishono itagusana. Kwa chini nyuzi zitapandana, na ukikatika mmoja mingine inabaki. Tumia uzi wa poliesta uliokunjwa mara mbili, urefu usizidi toka vidoleni hadi kiwikoni, la sivyo utajisokota. Usiuvute hadi kitambaa kikunjamane. Pitisha mistari miwili, mmoja kando ya mwingine. Mshono huo utadumu, nakuhakikishia.

Cherehani iliyompatia Elias Howe hataza kule Marekani mwaka 1846 ilitumia nyuzi mbili, na zetu za leo zinafuata njia hiyo hiyo: uzi wa juu na ule wa chini, unaotoka kwenye bobini (kigurudumu kidogo cha uzi), hukabana katikati ya kitambaa. Zikikazwa sawa, mshono ni imara. Sasa geuza ile sare ndani nje, utazame mishono ya cherehani iliyokuja nayo. Ukiona uzi wa chini umelala kama waya ulionyooka, na wa juu unaupitia kwa vinundu, basi uzi wa juu ulilegezwa mno. Mshono wa hivyo huachia hata kama umetoka kwenye cherehani mpya. Inaniuma kuona mzazi akiuziwa sare ya namna hiyo.

Mimi nashona Uhuru Market, na kwa mishono mirefu siachi cherehani. Lakini pindo la suruali ya suti nalimaliza kwa mkono, kwa sababu naweza kudona uzi mmoja tu wa kitambaa na nje kusionekane kitu. Satini vilevile: cherehani ikikosea, ukifumua matundu yanabaki.

Siku utakapoanza kushona shuka na mapazia, tafuta cherehani ya kuzungusha kwa mkono, hata iliyotumika, haihitaji umeme. Kabla ya kulipa, shonea vipande viwili vya jinzi, uvivute kwa nguvu, kisha utazame upande wa chini.