Nilitia sahihi mapokezi. Je, ndiyo nilikubali?

SWALI: Shikamoo mama. Nilikwenda kupimwa njia ya uzazi. Nikiwa nimeshalala kitandani, daktari aliita wanafunzi wawili wa kiume, wakanipima kwa zamu. Sikuulizwa. Nilipolalamika nikaambiwa nilishatia sahihi mapokezi. Siku mbili baadaye daktari yuleyule alinitumia ujumbe saa tano usiku: "Umelala, mrembo?" Namba aliitoa kwenye faili langu. Mume wangu anasema niyaache yaishe. Je, nakosea kuumia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukosei hata chembe.

Sahihi ya mapokezi ilikuingiza hospitalini tu. Ridhaa ni kuelezwa nani atakugusa, wapi na kwa nini, kisha ukaweza kukataa na bado ukatibiwa. Hata ukishakubali, ukisema "basi" katikati, mkono unatoka. Mwaka 1914 huko New York, jaji Benjamin Cardozo aliandika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua mwili wake ufanyiwe nini. Kesi ilihusu mwanamke aliyekubali kupimwa tu akiwa amelazwa usingizi, akaamka ameshaondolewa uvimbe.

Wanafunzi lazima wajifunze, nami ukunga nilijifunza kwa miili ya wanawake wengine. Lakini mkufunzi wangu alituacha nje ya pazia, akaingia peke yake kumuuliza mama: "Nina wanafunzi, waingie?" Waliokataa walikuwepo. Tulibaki koridoni, na mama akahudumiwa vilevile.

Ule ujumbe ndio ulionikasirisha zaidi. Namba uliyoiacha kwa ajili ya matibabu ni amana. Huyu ameuona mwili wako na anajua ugonjwa wako. Mizani kati yenu haiko sawa, ndiyo maana jukumu la kuweka mpaka ni lake, hata kama ungemjibu.

Usiufute. Upige picha, uandike tarehe, saa na waliokuwemo chumbani kabla kumbukumbu haijafifia. Peleka malalamiko ya maandishi kwa uongozi wa hospitali, ubaki na nakala. Wakikupuuza, au hata kabla hawajakujibu, liandikie baraza linalotoa leseni za madaktari. Kazi yake ni pamoja na kusikiliza mashauri kama haya. Mume wako msomee jibu hili, umwombe akusindikize.

Na majibu ya kipimo chako, mwanangu? Hukuyataja. Yafuatilie kwa daktari mwingine, na ukihitaji, omba muuguzi wa kike awepo chumbani tangu mwanzo.