Waliokuwa ziwani usiku wa kuhesabiwa

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mliwauliza wasomaji: "Je, historia, jiografia na uraia vifundishwe kwa vishikwambi na mtandao, au tubaki na mwalimu na ubao wake?" Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya kata kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria, na swali hilo limenitonesha kidonda, kwa sababu kila linapoulizwa huwa kana kwamba mwalimu na kifaa wamewekwa kwenye mizani na kazi yetu ni kutazama upande upi umezama. Jibu langu ni kwamba tubaki na mwalimu na ubao. Naomba nafasi ya kueleza kwa nini, na naomba radhi mapema kwa urefu wa maelezo yangu.

Sizungumzi kama mtu asiyevijua vifaa hivyo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wasiokuwa wa Kidato cha Sita wakasubiri hadi Juni 29 ndipo wakarudi madarasani, nilijaribu kuwafikia wanafunzi wangu kwa simu. Nilichojifunza ni kile ambacho kila mwalimu wa kijijini anakijua: simu yenye intaneti ni ya mtu mmoja katika nyumba nzima, mtu huyo si mwanafunzi, na saa anazokuwapo nyumbani ndizo saa ambazo binti yake anaosha vyombo. Baadaye vikaja vishikwambi. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ya kuhesabu kwisha, na changu kilinifikia kikiwa na mkwaruzo mrefu kwenye kioo, upande wa juu. Niliutazama sana mkwaruzo ule. Kifaa kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa kimepigishwa hodi kwenye milango nisiyoijua, na sasa nilitakiwa kufundishia.

Nilikitumia kwa namna mojawapo ya ujifunzaji mseto, yaani kuchanganya kifaa na darasa: mwanafunzi atazame somo lililorekodiwa akiwa nyumbani, kisha kipindi cha darasani kibaki kwa mjadala na mazoezi. Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilikuwa na wanafunzi 46 wa Kidato cha Nne, na tulikuwa tumefika kwenye mada ya idadi ya watu. Nikatuma video kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ilikuwa video nzuri, ya Kiingereza, ikionyesha piramidi ya idadi ya watu wa Japani, yaani mchoro unaopanga watu kwa umri na jinsi, watoto chini na wazee juu, nayo juu ni pana na chini imebana. Kesho yake niligundua kwamba wanafunzi 11 tu ndio walioitazama, na kati yao msichana alikuwa mmoja. Hao 11 waliweza kunieleza vizuri kwamba nchi yenye wazee wengi hupungukiwa na nguvukazi. Nilipowauliza kama kitongoji chao kina wazee wengi au wachache, walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kudhani kwamba jambo lile linaweza kuulizwa kuhusu kwao. Nilikizima kishikwambi nikakifungia kabatini.

Tulichokifanya baada ya hapo ndicho hasa ninachotaka kukieleza. Niliandika ubaoni dodoso la maswali manne: nani wamelala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo, kila mmoja ana umri gani, ni mwanamume au mwanamke, na ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Majina nilikataza yasiandikwe. Jumamosi ya Machi 4 wanafunzi waligawanyika kwa makundi na kwenda kwenye kitongoji kilicho jirani na mwalo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nami nikafuatana na kundi lililoongozwa na binti wa mvuvi. Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua dagaa kwenye ungo. Binti alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza swali la kwanza kama lilivyoandikwa. Bibi aliuweka ungo chini.

"Mjukuu wangu, unauliza wanaolala au wanaokula? Wanaolala hapa ni wanne. Wanaokula chungu changu ni saba."

Binti aligeuka akanitazama. Maana ya kaya walikuwa wameikariri kwa Kiingereza tangu muhula uliotangulia, kwamba ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana chakula, na wangeweza kuitamka bila kuvuta pumzi. Hakuna hata mmoja, nami nikiwamo, aliyekuwa amewaza kwamba sehemu mbili za sentensi ile zinaweza kugombana mlangoni pa bibi mmoja. Nilimwambia aandike wanne, kwa sababu swali letu, kama la sensa, lilihusu waliolala. Lakini njiani kurudi binti aliniuliza wale watatu wataandikwa wapi, na nilipomjibu kwamba wataandikwa wanakolala, akauliza kama kundi la upande ule litabisha hodi kwenye nyumba hiyo. Tulikwenda tukahakikisha.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya Machi 18, niliwarudisha kwenye kaya zilezile ili tupime uangalifu wao. Jumatatu nilipojumlisha, hesabu ya wanawake, watoto na wazee ilikuwa karibu sawa na ya kwanza, lakini wanaume wa miaka 20 hadi 34 walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Niliamini kwamba wanafunzi wamejaza madodoso chini ya mwembe bila kwenda kwenye nyumba za watu, na niliwagombeza kwa maneno makali ambayo hadi leo nayajutia. Darasa lilinyamaza. Yule binti alisimama.

"Samahani Mwalimu. Jumamosi ile ilikuwa mbalamwezi. Hii ni giza."

Darasa zima lilimwelewa kabla yangu, maana wengi wao ni watoto wa mwaloni nami nilizaliwa bara, mbali na ziwa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huwavuta kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na mwezi unapokuwa mkubwa mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo wanaume hubaki nyumbani wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Mwezi mpevu ulikuwa Machi 7. Giza lenyewe lilifika Machi 21. Mara ya kwanza tuliwakuta wanaume vitandani mwao, mara ya pili walikuwa ziwani. Wanafunzi wangu hawakuwa wamekosea hata nyumba moja, na niliwaomba radhi palepale.

Ndipo nilipokwenda kabatini. Tuliingiza hesabu zote kwenye Excel, wanafunzi wakisoma madodoso kwa sauti na mmoja wao akiandika, na kabla kipindi hakijaisha piramidi mbili zilikuwa zimesimama pamoja kwenye kioo kile chenye mkwaruzo. Hatuna projekta, walikuja kutazama wanane wanane. Piramidi ya mbalamwezi ilikuwa pana chini na ikipungua taratibu kuelekea juu, kama ya Tanzania yenyewe, ambako zaidi ya watu wanne katika kila kumi hawajafika miaka 15. Ya giza ilikuwa ileile, isipokuwa upande wa wanaume, katikati, ilikuwa na pengo kama muhogo uliong'atwa. Mvulana mmoja wa kundi la mwisho aliitazama kwa muda akauliza: "Na sensa je?"

Hakuna aliyekumbuka mwezi ulikuwaje usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022. Kishikwambi kilikumbuka. Tulifungua kalenda ya mwezi, tukaona kwamba giza lenyewe lilifika Agosti 27, siku nne tu baadaye. Usiku ambao Taifa lilihesabiwa ulikuwa usiku wa giza, na kaka na baba zao walikuwa juu ya maji.

Nilimwita mwalimu mwenzangu aliyekuwa karani wa sensa. Aliwaeleza kwamba mtu aliye kwenye kazi ya usiku, awe mlinzi, muuguzi au mvuvi, alihesabiwa katika kaya anakorudi asubuhi. Binti akauliza vipi kuhusu asiyerudi asubuhi kwa sababu yuko kambini kwenye kisiwa kingine. Akajibiwa kwamba watu wa kambini walihesabiwa kambini. Akauliza tena: na kama mama yake alimtaja nyumbani huku naye akatajwa kambini? Mwenzangu alisema kwamba kwa sababu hiyo karani alipaswa kuuliza kama mtu huyo amehesabiwa kwingine, na kwamba hapo ndipo kazi ya karani ilipotegemea ukweli wa aliyejibu. Niliandika ubaoni 61,741,120, idadi iliyotangazwa Oktoba 31, 2022, na chini yake 44,928,923 ya mwaka 2012, ambayo ndiyo iliyomo katika kitabu tulichonacho. Sijawahi kuona wanafunzi wakizitazama tarakimu kwa namna ile. Hawakuzitilia shaka, mwenzangu alikuwa ameshawaeleza taratibu zilizowekwa ili mtu asisahauliwe wala asirudiwe. Ila walijua sasa kwamba nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyesimama mlangoni, na mwingine aliyeuweka ungo chini ili ajibu.

Nimeisoma upya aya yangu ya kwanza baada ya kuandika haya, na siwezi kuiacha kama ilivyo. Nilikuwa nimekusudia kuonyesha kwamba somo la jamii hufundishika mwaloni na ubaoni, na kwamba kifaa kinamletea mtoto jibu la Japani kabla hajawa na swali la kwao. Sehemu hiyo bado naishikilia, tena kwa nguvu zaidi. Jambo lililowafungua macho lilisemwa na binti wa mvuvi kwa sentensi mbili, na hakuna video ambayo ingelisema. Lakini ni lazima niseme pia kwamba bila zile piramidi mbili kusimama bega kwa bega, sentensi zake zingebaki kuwa utetezi wa mwanafunzi aliyegombezwa. Kuzichora ubaoni kungenichukua vipindi viwili vya dakika 40, na hadi hapo swali la yule mvulana lingekuwa limeshapoa. Na mwezi wa Agosti tungeukisia tu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kama ningeambiwa leo nikirudishe kishikwambi, nisingekubali, na kama shule ingeniuliza ninahitaji nini, ningeomba cha pili. Nasema hivyo kwa masharti ambayo nayaona mazito. Kazi ya nyumbani isitegemee bando la mzazi, kwa sababu kila tunapofanya hivyo tunawaacha wasichana nyuma na kuwahesabia kwamba hawakujiandaa. Na kwa kuwa wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, vitabu vilivyomo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu vipakuliwe shuleni, viwekwe kwenye kifaa, na visomwe hapohapo. Habari za watu tulizokusanya zibaki bila majina, maana karatasi hukaa ndani ya daftari la mtoto mmoja, ilhali kilichoandikwa kwenye kifaa huweza kufika kwa watu ambao bibi yule hakuwajibu. Na mwalimu apewe muda. Jumamosi zile mbili hazikuwamo kwenye azimio la kazi, yaani mpango wangu wa kufundisha, na ninafahamu kwamba mtihani wa Kidato cha Nne hauulizi habari za giza na mbalamwezi. Mzazi anayenidai kumaliza mada kwanza ana haki, na sina jibu kamili la kumpa. Pengine mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 utatupa nafasi zaidi. Mwenzangu anayefundisha Historia ya Tanzania na Maadili ameshaniomba kishikwambi ili wanafunzi wake wawarekodi wazee, na nimemshauri wakae nao kwanza siku moja bila kukiwasha.

Dodoso letu la mwaka huu lina swali la tano, nalo ni la yule bibi: wangapi wanakula hapa ambao hawalali hapa? Tutahesabu Jumamosi mbili, moja ya mbalamwezi na moja ya giza, na kishikwambi kitakaa kabatini hadi Jumatatu yake.