Shangazi, grupu zima wanajua nina laki nane, kumbe nina laki tatu

Shikamoo shangazi. Mimi nina saluni Tabata, nasuka na kuseti. Mwezi wa kwanza tulianza na wenzangu, tuko tisa, ile chalenji ya kuweka akiba wiki 52, wiki ya kwanza buku, ya pili buku mbili, hivo hivo mpaka ya mwisho unaweka elfu hamsini na mbili. Kila mtu anaweka kwenye simu yake, afu Ijumaa unatuma meseji ya muamala kwenye grupu la WhatsApp. Lengo langu ni kodi ya fremu, miezi sita, kila mwezi 200,000, mwenye fremu anaitaka Januari. Nilienda vizuri mpaka wiki ya 24. Kuanzia hapo saluni ikawa kavu, nikaanza kuchukua hela ya mauzo, naiweka, napiga skrinishoti, naficha salio, kesho yake naitoa. Saivi tuko wiki ya 40, wao wanajua nina 820,000, ukweli nina zile zile 300,000 za wiki ya 24. Sasa mwenzangu wa humo humo kwenye grupu kaniomba nimkopeshe 400,000, mwanae yuko fomu foo shule ya kulipia, anadaiwa ada na mtihani ni Novemba. Nikimwambia sina ataniona mchoyo maana anajua ninazo. Nikimwambia ukweli ataniona tapeli. Nimeshaenda kuulizia kwa wale wa kausha damu, wamesema wananipa laki nne narudisha 52,000 kila wiki kwa wiki kumi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu.

Naanza na kausha damu maana hapo ndo presha yangu ilipopandia. 52,000 mara kumi ni 520,000. Yaani unataka kulipa laki na ishirini juu ili mtu asijue huna hela, na hiyo hela yenyewe hutaigusa hata siku moja, inapita tu mkononi mwako inaenda shuleni kwa mtoto wa mwenzako. Marejesho yanaanza wiki ijayo, hawakusubiri upate wateja wala hawana habari na mtihani wa mtu. Siku ukichelewa wanakuja kukaa pale mlangoni, na wewe una mteja kwenye kiti kasukwa upande mmoja, anasikia kila kitu, na Tabata hiyo hiyo ikifika jioni imeshajua. Wameshabeba draya na viti vya watu mimi nikiona. Namba yao ifute leo, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Sasa hilo la tapeli. Tapeli anakula hela ya mtu, wewe umekula ya nani? Hao wanane kila mmoja hela yake iko kwenye simu yake. Uongo umesema, hapo sikutetei, ila ni uongo unaoulipia mwenyewe maana kila ukiitoa unakatwa, na umefanya hivo wiki 16, hebu siku ukitulia jumlisha hayo makato uone umelipa shilingi ngapi kwa ajili ya picha. Afu kuna kitu umekipitia haraka kwenye barua yako mimi kikanisimamisha. Saluni kavu tangu katikati ya mwaka, na ile laki tatu hujaigusa. Hujaigusa! Mimi nisingeweza.

Na sisemi kwa kukupaka mafuta. Mwaka fulani, wanangu bado wadogo, nilinunua kibubu cha mbao, kile cha kupigiliwa misumari pande zote, nikawaambia watoto hiki tunakivunja Desemba tunaenda Tanga kwa bibi yenu. Ikifika usiku wamelala mimi nakigeuza kichwa chini nachokonoa noti na kibanio cha nyusi. Nikawa fundi kabisa, noti ya elfu kumi naitoa haijachanika hata pembeni. Ili moyo usinisute nikawa natumbukiza vikaratasi, nimekopa elfu kumi nitarudisha, nimekopa elfu tano nitarudisha. Desemba tumekivunja sebuleni, watoto wamekaa wamekizunguka, vikaratasi vilikuwa vingi kuliko hela. Wa kwanza alikuwa ameshajua kusoma, akakiokota kimoja akakisoma kwa sauti. Tanga hatukwenda mwaka ule.

Kwa hiyo najua hako kajoto ka Ijumaa jioni simu ikianza kulia, huyu kaweka, yule kaweka, bado wewe.

Ila na hiyo hesabu mliyoichagua wote sawa sawa ina kasoro. Inapanda kila wiki mfuko upende usipende. Wiki nne za mwisho peke yake ni 202,000, Desemba hiyo hiyo ya sikukuu na ya kuwaza ada ya Januari. Wa mshahara anaweza kujipigia mahesabu, wewe hela yako inakuja na vichwa vya watu. Ndo maana nawapendea wenzetu wa vikoba, pale hisa unanunua moja mpaka tano kwa kikao, leo umeshiba unanunua tano, wiki ijayo umechacha unanunua moja, na hakuna anayekukodolea macho maana katiba yao inaruhusu. Afu hela inahesabiwa mezani kila mtu anaona, inaingia kwenye sanduku la kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Pale huwezi kuficha salio kwa kidole gumba. Nyie mmeweka ngazi moja kwa watu tisa na hamkuacha hata nafasi ya mtu kusema wiki hii sina.

Sasa kodi yako. Usiikimbize ile 820,000, hiyo imeshapita. Una wiki 12. Ukiweka 25,000 kila wiki unapata laki tatu nyingine, jumla laki sita, ni kodi ya miezi mitatu. Najua utaniambia elfu ishirini na tano ndo ile ile ya wiki ya 25 iliyokushinda. Ndiyo, ilikushinda wakati saluni kavu, sasa hivi tunaingia kwenye maharusi na Krismasi, Desemba wewe unasuka mpaka saa sita usiku, wiki hizo weka hata hamsini na Oktoba hii ukiweka kumi na tano sawa tu. Kwa mwenye fremu nenda mwezi huu huu, usisubiri Januari. Mwambie Januari nitakupa ya miezi mitatu, na mitatu nitamalizia kabla haijaisha ile ya kwanza. Mwenye fremu akifuatwa na mpangaji miezi mitatu kabla anakuwa mtu mwingine kabisa na yule anayekufungia kofuli.

Nimebakiza huyo mwenzako. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikaweka miwani chini. Umesema yuko humo humo kwenye grupu. Kila Ijumaa naye anatuma meseji yake kama wewe. Sasa mwanangu, kama naye yuko wiki ya 40, zake 820,000 ziko wapi? Mtoto anadaiwa laki nne, mtihani Novemba, na mama ana laki nane kwenye simu anazunguka kukopa?

Inawezekana ana sababu. Labda zake zina kazi hazigusiki, labda ni kiwanja, sijui. Ila mimi na umri huu nina hisia zangu, na sitashangaa mkiwa wawili, hata watatu.

Usimwambie kwenye simu na usimtumie voisi, voisi inasambazwa. Nenda kwake, si saluni. Ukifika usianze na pole za ada wala usijieleze sana, mtu mwenye shida hana masikio ya hadithi ndefu. Mwambie dada, nimekuja kukujibu lile la hela. Afu fungua simu, weka salio mbele yake lote bila kuficha kitu, 300,000, mwambie hiyo ndo yote na ni kodi ya fremu, na zile meseji za Ijumaa tangu wiki ya 25 nilikuwa natoa. Kama atataka, mwambie utamsindikiza shuleni kwa mhasibu akaombe kulipa kidogo kidogo mtoto afanye mtihani, watu wanaomba na wanakubaliwa. Grupu utawaambia Ijumaa, sentensi mbili tu zinatosha.

Lakini hapo kwake, ukishamwonyesha hilo salio, nyamaza. Usijaze ukimya kwa maneno. Mwache na yeye aamue kama atatoa simu yake.