Ukienda kutazama matumbawe Tanga, ulizia maji kabla ya bei

Kila ikifika Desemba, ndugu na marafiki wa bara wanashuka Tanga, na swali la kwanza ni lilelile: boti ya kwenda kisiwani shilingi ngapi? Nawaelewa. Mtu ametoka Dodoma au Singida na familia nzima, na mfuko una mwisho wake. Lakini kama nia yako ni kuvaa miwani ya kuzamia, kuinamisha uso majini na kuwaona samaki kwenye matumbawe, swali la kwanza liwe hili: siku hiyo maji yanakupwa saa ngapi?

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Siku za bamvua maji hufika chini kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Ukiyajua haya, unaweza kupanga safari yako kwa kutazama mwezi tu.

Mfano mzuri ni Maziwe, kule Pangani. Wazee wanakumbuka kisiwa hicho kikiwa na mivinje. Leo kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa. Kasa bado wanapanda kutaga, ndiyo maana mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasije yakasombwa. Sasa fikiria umelipa boti, umebeba watoto, chakula na mwavuli, halafu unafika mchanga haupo. Watu yanawakuta haya, kwa sababu aliyewauzia safari aliangalia nafasi yake, hakuangalia maji. Kwa Maziwe, chagua siku za bamvua na uondoke asubuhi mapema, ufike maji yakiwa bado yanatoka. Mwambie nahodha unataka kuingia majini karibu na wakati maji yanaposimama, kabla hayajaanza kujaa. Bamvua ina mkondo mkali, na ni katika kipindi hicho kifupi cha kusimama ndipo hata mtu mgeni anaelea bila kusukumwa.

Upepo nao una neno lake. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, asubuhi bahari huwa tulivu na maji maangavu. Oktoba na Novemba, kabla upepo haujageuka, kuna siku bahari imelala kabisa, na mimi binafsi ndizo ninazozipenda zaidi. Kusi ikishika, kuanzia Juni hivi, mawimbi hayana huruma kwa mashua ndogo. Masika usijisumbue: mto Pangani unamwaga tope baharini, utaona rangi ya chai ya maziwa tu mbele ya uso wako.

Wenye kukaa Tanga mjini hawalazimiki kwenda hadi Pangani. Kutoka Raskazone kuna wenye boti wanaopeleka watu visiwa vya Toten, Ulenge, Yambe na kwenye mafungu ya mchanga ya nje. Ndani ya ghuba huoni mbali sana majini. Kadiri unavyotoka nje ndivyo yanavyosafika. Na usidanganywe na mtu anayekuahidi silikanti. Samaki huyo wa kale ndiye aliyefanya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ianzishwe mwaka 2009, lakini kwa kawaida anaishi kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Kwa miwani na mrija hutamwona.

Sasa lile linalowatisha wengi: sijui kuogelea, je, naweza? Unaweza, na ningependa watu wengi zaidi wa kwetu walijue hili, kwa sababu wengi wanabaki wamekaa kwenye boti wakiwatazama wageni wa Ulaya wakifaidi bahari yetu. Nilikwenda na shangazi yangu wa Singida, mtu mzima, hajawahi kuingia maji yanayopita kiuno. Nahodha wetu hakumtupa baharini moja kwa moja. Alimshusha kwanza kwenye fungu, maji ya mapajani, akamvalisha jaketi la kuokolea maisha na kulikaza kamba zote, akamwambia, "Mama, usihangaike. Pumua kwa mdomo, polepole, maji yatakubeba." Shangazi akainamisha uso, akainuka mara moja akikohoa. Akainamisha tena. Mara ya tatu hakuinuka. Tulipompeleka kwenye matumbawe alishika boya la mviringo lenye kamba, nahodha akiogelea mbele analivuta. Nilikuwa ubavuni mwake nikisikia pumzi yake kwenye mrija, mwanzo ya haraka kama ya mtu aliyepanda mlima, halafu ikatulia. Chini yetu pono wawili wa rangi ya buluu walikuwa wanatafuna jiwe. Sauti yao ya kukwaruza inasikika kabisa ukiwa na masikio majini. Akaninyooshea kidole bila kutoa uso.

Kwa hiyo muulize mwenye boti, kabla ya kutoa hata shilingi: una boya la kushikilia? Nani ataingia majini na sisi, na nani atabaki kwenye boti? Kama jibu ni kwamba nahodha yuko peke yake na anabaki kwenye mashine, na ninyi hamjui kuogelea, tafuta mwingine. Majaketi yawe sawa na idadi ya watu, na ya watoto yawe ya watoto. Yajaribuni nchi kavu. Uliza pia kama kuna ngazi. Hili watu hawalifikirii mpaka wamechoka, wako majini, ukingo wa boti uko juu ya vichwa vyao na mikono haina nguvu. Kwa mama mwenye mwili mkubwa au mzee, boti isiyo na ngazi ni mateso na aibu isiyo na sababu.

Miwani ijaribu hivi: iweke usoni bila kupitisha mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikinata, inakufaa. Ikidondoka, maji yataingia, hata ukaze mkanda namna gani. Masharubu mengi huipitishia maji. Kioo kikijaa ukungu, temea mate, sugua kwa kidole, suuza kidogo na maji ya bahari. Maji yakiingia kwenye mrija puliza kwa nguvu, yatatoka yenyewe. Vaa fulana ya mikono mirefu, maana mgongo ndio unaobaki juu kwa saa nzima, na jua linaunguza ngozi nyeusi pia. Anayelevywa na bahari ale kidogo asubuhi, atafune tangawizi, akae mbali na harufu ya petroli na atazame mbali, asitazame simu.

Ukishakuwa majini, usisimame juu ya matumbawe, hata ukichoka. Geuka uelee chali, au shika boya. Matumbawe ni wanyama hai, na mengine hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Kisigino chako kinavunja kilichoanza kukua kabla hujazaliwa. Ya kwetu yameumia vya kutosha. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, na mengi katika pwani ya Afrika Mashariki yakageuka meupe na kufa. Juu ya hapo Tanga imeteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Ukielea utayaona mwenyewe madoa yaliyopigwa, vipande vimelala kama kifusi, na hatua chache pembeni matumbawe mazima yaliyojaa samaki. Inaniuma kila nikipita hapo. Kwa hiyo nahodha akitaka kutupa nanga juu ya matumbawe, mwombe kwa heshima afunge kwenye boya au atafute mchanga. Wengi wanajua, wanangoja mteja aonyeshe kwamba anajali. Kusimama huko ni hatari kwako pia, kuna wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu ya sindano, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni safari yenu imekwisha. Makombe na viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, viacheni hukohuko.

Tukirudi kwenye bei: patana kwa boti nzima, si kwa kichwa, kama mko familia, na uliza waziwazi kama ada ya hifadhi imo ndani. Ikiwa imo, omba stakabadhi ya serikali. Lipa sehemu kwanza, iliyobaki mkirudi. Na kama asubuhi ya safari nahodha atatazama bahari akasema leo hapana, mkubalie, mpange siku nyingine.