Nani anajaza karatasi ya mtoto?

Mmeuliza wiki hii kama ni mapema mno kuwafundisha watoto wa darasa la saba na la nane habari za kazi. Mimi ni mzazi hapa Lubumbashi, na swali limenigusa penye kidonda. Linaloniuma zaidi ni hili: nani anamchagulia mtoto, na huyo anayechagua anajua nini?

Hapa Kongo, tangu sheria ya elimu ya 2014, madarasa hayo mawili ni sehemu ya elimu ya msingi, na baada ya la nane njia, yaani seksioni, zinagawanyika: pedagojia (ualimu), komersi (biashara), biokimia, umeme, ushonaji.

Mwaka 1988 kaka yangu mkubwa alileta nyumbani karatasi ya shule yenye mistari mitatu ya nukta: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, kama baba wa kila nyumba katika kambi yetu. Hakuvua hata ovaroli. Alipangusa meza kwa kiganja, akamwita jirani aliyekuwa mkubwa wake kazini, Mama akaleta chai. Kalamu alishika jirani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kaka alisimama mlangoni, vidole vimejaa udongo. Alikuwa ametoka nyuma ya nyumba kwenye miembe yake, akikata kijiti cha mti mmoja na kukifunga kwenye mche wa mwingine kwa mpira wa baiskeli. Jirani akaandika mstari wa kwanza: kimia ya viwandani. Wa pili: mekanika. Wa tatu wakauacha wazi, wakasema hautahitajika. Ndipo kaka akauliza, "Baba, mu kimia ya viwandani banafanyaga nini?" Baba akajibu, "Utaenda Gécamines." "Na kule banafanyaga nini?" "Utaonea kulekule."

Hakukuwa na nia mbaya. Kampuni ilitujengea nyumba, shule na hospitali, ikagawa unga. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Nani angeitilia shaka? Mwaka 1990 mgodi wake wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia 1994 shaba ilikuwa kama tani 30,000 tu. Kaka alipata Diploma ya Serikali, ya kumaliza sekondari, mwaka 1992. Alipeleka barua ya kuomba kazi mara nyingi, hakuitwa.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema: acheni. Kama tungefundishwa habari za kazi mwaka ule, tungefundishwa Gécamines. Leo watoto wa mtaani kwangu wanataja migodi ya Kolwezi na kampuni za Wachina kwa imani ileile. Wapeni hesabu na Kifaransa kizuri, kazi wataikuta mbele.

Lakini kaka huyo sasa anauza miche ya matunda kwenye barabara ya Likasi, na analisha watoto kwa kilekile alichokuwa akifanya nyuma ya nyumba. Kwamba agronomia, elimu ya kilimo, ni masomo yenye walimu na diploma, alikuja kujua akiwa mtu mzima. Kimia yenyewe hailaumu. Dawa ya wadudu anaipima mwenyewe, habahatishi.

Basi wafundishwe, tena waanze la saba. Ila si kwa orodha ya kazi na mishahara. Waitwe fundi wa kulehemu, mshonaji, muuguzi, mpima ardhi, kila mmoja aonyeshe kazi yake ya asubuhi moja na aseme pia kuhusu miezi asiyolipwa. Wazazi wakae humo humo darasani. Karatasi isidaiwe kesho yake.

Bado nasita. Shule nyingi zina seksioni mbili au tatu tu. Mtoto akishapenda umeme, kisha akute shule ya umeme iko upande mwingine wa mji na nauli hakuna, tumemsaidia nini? Shule iseme mapema ina nini, na yale isiyokuwa nayo yanapatikana wapi na kwa bei gani. Isiyoweza kusema hivyo, kwangu mimi, ibaki na hesabu kwanza.