Kabla hujapanda boti ya dubu na nyangumi, uliza msimulizi ni mtoto wa nani

Kiangazi kikikaribia, jamaa huanza kuniuliza kuhusu boti za kutazama nyangumi na dubu kaskazini mwa Kisiwa cha Vancouver, huku magharibi mwa Kanada. Kwanza huuliza bei, halafu huuliza kama kweli watawaona hao nyangumi. Bei si ndogo, jipange. Nyangumi ni riziki. Mimi huwarudishia swali langu: huyo atakayekuwa anazungumza njia nzima ni mtoto wa nani?

Wengine hudhani nawatania. Lakini maji yale, kuanzia Mlango-bahari wa Johnstone mpaka visiwa vya Broughton na ule mkono mrefu wa bahari uitwao Knight Inlet, yana wenyewe. Ni ya mataifa ya Kwakwaka'wakw, wenye lugha ya Kwak'wala: wamo 'Namgis, Mamalilikulla, Kwikwasut'inuxw Haxwa'mis na wengineo. Ukipanda boti ya mtu baki utaambiwa uzito wa nyangumi na urefu wa pezi lake, mambo ambayo ungeyasoma nyumbani ukiwa umekunja miguu. Ukipanda na mwenyeji, ufuo mtupu unaoupita unageuka kijiji. Atakuonyesha nguzo ya nyumba iliyolala kwenye majani, na pale bibi yake alipokuwa akichimba chaza. Siku hizi zipo kampuni zinazomilikiwa na wenyeji wenyewe, nyingine zikiondokea miji midogo ya Port McNeill na Alert Bay. Zitafute hizo kwanza.

Utamjuaje msimulizi wa kweli? Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: kuna mahali atanyamaza. Kwa watu hawa hadithi ni mali, tena mali yenye hati. Ukoo unamiliki hadithi ya asili yake pamoja na wimbo, ngoma, kinyago na majina yanayokwenda nayo. Mali hiyo hurithiwa au hupatikana kwa ndoa, na hutangazwa mbele ya watu katika karamu kuu iitwayo potlachi, ambako mwenye shughuli ndiye anayegawa zawadi na wageni wakizipokea wanakuwa mashahidi. Kwa hiyo ukimuuliza kiongozi wako maana ya nguzo fulani ya kuchongwa, naye akakujibu kwamba hiyo si ya ukoo wake na hana ruhusa ya kuisimulia, usinune. Uko mikononi mwa mtu anayejua kazi yake.

Niliwahi kupanda boti nyingine ambayo kiongozi alikuwa na karatasi iliyofunikwa plastiki, akisoma hadithi za kunguru na ndege wa radi zilizookotwa pwani nzima, za Wahaida wa visiwa vya kaskazini zaidi na za nani sijui, zote chungu kimoja. Abiria mmoja akauliza hadithi ile ni ya akina nani. Jibu likawa "ya wenyeji." Basi. Hadithi isiyo na mwenyewe huku ni sawa na shamba lisilo na mpaka: kila mtu anapita, hakuna anayepalilia.

Jambo hili lina upande wake kwako wewe mgeni. Usiwashe simu kurekodi wimbo au hadithi bila kuomba ruhusa. Omba kabla, si baada ya kumaliza. Picha za dubu na milima piga utakavyo. Sauti ya mzee akiimba wimbo wa ukoo wake si ya kupandisha mtandaoni ili upate wafuasi. Na usiinuke kwenda kuisimulia hadithi yao kesho kama yako.

Ushauri wangu wa pili, na huu nausisitiza hata kwa mwenye haraka: siku moja kabla ya boti, vuka kwenda Alert Bay. Feri kutoka Port McNeill huchukua kama dakika 45. Pale kuna kituo cha utamaduni cha U'mista, kilichofunguliwa mwaka 1980, na usipokipitia nusu ya maneno ya kiongozi wako yatakupita juu ya kichwa. Serikali ya Kanada ilipiga marufuku potlachi kuanzia 1885 hadi 1951. Desemba 1921, Dan Cranmer, mtu wa 'Namgis, alifanya potlachi kubwa katika kisiwa ambacho ramani hukiita Village Island, mbali kidogo na macho ya wakubwa. Habari zikavuja. Watu 45 walishtakiwa kwa makosa kama kucheza ngoma, kuhutubia na kugawa zawadi. Walioponea kifungo waliponea kwa sharti la kusalimisha vinyago na mapambo ya koo zao, wengine wakapelekwa jela ya Oakalla, karibu na mji wa Vancouver. Vinyago vile vikatawanyika hadi makumbusho ya Ottawa, Toronto na New York.

Wazee walividai miaka mingi mpaka vikaanza kurudi. Ukiingia kwenye ukumbi wa U'mista utaviona vimesimama wazi, bila kabati la kioo, maana vilikwisha kufungiwa vya kutosha. Kuna kinyago cha ndege mwenye mdomo mrefu kuliko mkono wangu, taya la chini likiwa limeunganishwa kwa kamba ili lifunguke na kufungwa kwa kishindo wakati wa ngoma. Simama hapo kidogo. Nje, jirani kabisa, palikuwa na shule ya bweni ya St. Michael's, iliyofunguliwa mwaka 1929, ambamo watoto waliotolewa kwao walikatazwa kusema lugha yao. Jengo lilibomolewa 2015. Kesho yake boti ikipita kando ya Village Island na kiongozi akapunguza mwendo bila kusema neno, hutahitaji kuambiwa kwa nini.

Haya, wanyama.

Orka, wale nyangumi weusi wenye mabaka meupe, wa maji haya wengi ni wala samaki, hasa samoni mkubwa aitwaye chinuki. Wanaishi kwa ukoo wa mama: mtoto, awe wa kike au wa kiume, habanduki kwa mama yake maisha yote. Mtafiti Michael Bigg na wenzake walianza miaka ya 1970 kuwatambua mmoja mmoja kwa picha za mapezi na lile doa la kijivu mgongoni, na baadaye ikaonekana kila kundi lina lahaja yake ya milio. Kiongozi mzuri atazima injini, ateremshe maikrofoni ya majini, awaambie wote mnyamaze. Mwanzoni utasikia mvumo tu, kama meli iko mbali. Halafu inakuja milio mikali ya kupanda na kushuka, mmoja akiita na mwingine akiitikia, na mwenye sikio zuri ndani ya boti anaweza kukuambia ni familia ipi kabla hata pezi halijachomoza.

Mwombe akusimulie habari za Springer. Huyu alikuwa orka mdogo, yatima, aliyeonekana peke yake karibu na Seattle mwaka 2002. Milio yake ndiyo iliyowaambia watafiti kwao ni wapi. Akasafirishwa kwa boti ya kasi mpaka Kisiwa cha Hanson, na watu wa 'Namgis wakampokea kwa mitumbwi na nyimbo, kama apokelewavyo mtoto wa nyumbani aliyepotea. Ndugu zake walipopita, akafunguliwa akawafuata. Mwaka 2013 alionekana na mtoto wake mwenyewe. Mwanasayansi atakueleza mambo ya lahaja. Mnamgis atakueleza kwa nini lazima mtu akaribishwe kwa jina. Ukizisikia zote mbili ndani ya boti moja, pesa yako imerudi.

Usimsukume nahodha asogee. Sheria ya Kanada inataka boti ikae angalau mita 200 kutoka kwa orka katika maji haya, mita 100 kwa nyangumi wengine, na 200 wakiwa wamepumzika au wana mtoto. Kusini zaidi masharti ni makali kuliko hayo. Kuna pia ghuba ya Robson Bight, iliyotengwa tangu 1982, ambako orka huja kujisugua matumbo kwenye kokoto laini za ufuoni. Boti za watalii haziingii humo. Nahodha anayevunja sheria ili mpate picha nzuri ni wa kuogopwa, si wa kuongezewa bakshishi.

Dubu nao, hasa wale wakubwa wa kahawia waitwao grizli, wana misimu yao. Mei na Juni utawakuta kwenye midomo ya mito wakila majani kama ng'ombe. Maji yakipwa, dubu huja ufuoni kupindua mawe kwa mkono mmoja, mawe ambayo mimi na wewe tungeyainua kwa kusaidiana, kisha hulamba kaa waliojificha chini yake. Taratibu kabisa, bila haraka yoyote. Mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba samoni wanapanda mito na dubu wanahamia huko. Uwindaji wa grizli ulipigwa marufuku katika jimbo zima la British Columbia mwaka 2017, jambo ambalo mataifa ya wenyeji yalilipigania kwa muda mrefu. Muulize kiongozi pia kuhusu vizimba vya nyavu vya kufugia samoni baharini huko Broughton na jinsi mataifa matatu yalivyokubaliana na serikali mwaka 2018 kuviondoa vingi vyake. Hapo jiandae kwa mazungumzo marefu.

Kuna kitu ambacho watalii wengi hawakioni kwa sababu hakipumui: bustani za chaza. Ni kuta za mawe zilizopangwa pale maji yanapoishia yakipwa kabisa. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, ufuo unakuwa bapa, na chaza wanazaliana kuliko kawaida. Katika Kisiwa cha Quadra, kusini kidogo, watafiti wamekuta nyingine zenye umri wa angalau miaka 3,500. Ukuta huonekana maji yakipwa tu, kwa hiyo unapoweka nafasi uliza saa za maji kupwa. Tazama na mierezi iliyo karibu na ufuo: ukiona kovu jembamba refu linalochongoka kuelekea juu, hapo mtu alibandua gome la kusukia kamba au vazi, akauacha mti uendelee kuishi. Watu waliokuja na ramani waliiita nchi hii pori.

Mambo madogo madogo. Vaa nguo tabaka tabaka na koti lisilopitisha maji hata kama mjini kuna jua. Maji ni baridi mwaka mzima na boti ikikimbia upepo unakata masikio. Wanaolevywa na bahari wameze dawa kabla ya kuondoka, ingawa sehemu kubwa imekingwa na visiwa. Chukua safari ya asubuhi ukiweza, maana kiangazi upepo wa magharibi huamka mchana katika Mlango-bahari wa Johnstone. Agosti ina ukungu wa asubuhi, usikate tamaa, mara nyingi huinuka. Darubini ni bora kuliko simu. Ukishuka kwenye kijiji chochote, hata kilichohamwa, shuka na mwenyeji au kwa ruhusa, na usiokote kitu, hata kipande cha ubao. Jifunze neno moja tu, *gilakas'la*, la kukaribisha na kushukuru. Ukilitamka vibaya watacheka na wewe, halafu watakufundisha.

Ukiniuliza mwezi, mimi ningechukua mwanzo wa Septemba. Samoni wanapanda, dubu wako mitoni, orka bado wapo, na watoto wamerudi shule kwa hiyo msongamano umepungua. Hata hivyo weka nafasi mapema: boti nyingi za huku ni ndogo, na za wenyeji ndizo zinazojaa kwanza.